Ukuta, Bawabu na Njia ya Faragha: Istilahi za Kiswahili katika Kumpokea Mtumiaji wa Mbali kwenye Mtandao wa Kompyuta

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili ambayo kwa kawaida hutenganishwa. La kwanza ni kazi ya kumwezesha mtu aliye mbali na ofisi yake kuingia kwa usalama katika mtandao wa kompyuta wa ofisi hiyo, akipitia kwenye chombo kinacholinda mpaka wa mtandao. La pili ni maneno ya Kiswahili yanayotumika, au yanayofaa kutumika, katika kuieleza kazi hiyo. Kwa mafundi wengi jambo la pili ni pambo tu; kwa wanaisimu wengi jambo la kwanza ni shughuli ya mafundi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mambo haya hayatengani. Istilahi ya ufundi ni agizo: humjulisha mtu atarajie nini, na anachokitarajia ndicho anachokitenda. Istilahi ikipotoka, mlango huachwa wazi mahali palipodhaniwa kuwa pana ukuta.

Kuunda istilahi si kazi ngeni katika Afrika Mashariki. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, na baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa Tanzania mwaka 1967, zimetolewa orodha nyingi za istilahi za elimu, sheria, utawala na sayansi. Kompyuta nayo haikusahauliwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Hata hivyo juhudi hizo zilihusu zaidi yale ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo, kama vile faili, ukurasa, kuhifadhi na kuchapa. Yale yasiyoonekana, yatendekayo baina ya kompyuta na kompyuta, yamebaki mikononi mwa mafundi, nao huyataja kwa Kiingereza au kwa tafsiri ya neno kwa neno.

2. Mfano wa Rongai

Rongai ni mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 30 kaskazini-magharibi ya Nakuru, kwenye njia ya reli iendayo Eldoret. Jina lake lina asili ya Kimaasai na hubeba maana ya wembamba. Siku ya soko mtu husikia Kikalenjin, Kikuyu, Kiluhya na lugha nyinginezo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wauzaji na wanunuzi. Vyuo vikuu haviko mbali. Egerton iko Njoro. Ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Kabarak iko kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldama Ravine. Kwa hiyo si ajabu mwalimu wa chuo kuishi Rongai, na kufanya sehemu ya kazi zake nyumbani.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mhadhiri wa lugha akaaye Rongai, ambaye idara yake ina seva moja. Ndani ya seva hiyo mmehifadhiwa vitu vitatu: alama za mitihani, mswada wa kamusi ambao haujachapishwa, na sauti za wazee zilizorekodiwa vijijini. Baadhi ya masimulizi hayo ni ya hadithi na methali. Mengine ni ya maisha: nani alilima wapi, nani alihama, na nani alifukuzwa katika ghasia zilizozikumba sehemu za Nakuru, hasa upande wa Molo, mwaka 1992 na tena mwaka 2007 na 2008. Mzee aliyesimulia habari hizo alimwamini aliyeshika kinasa sauti. Iwapo sauti yake na jina lake vitatoka nje, atakayedhurika si idara bali ni yeye na jirani zake. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka kila mwenye kuhifadhi habari za watu azilinde.

Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, wahadhiri wengi walihitaji kuifikia kazi yao kutoka nyumbani. Katika hali ya namna hiyo fundi hushawishika kufanya lililo rahisi: kuifungulia seva mlango wa moja kwa moja unaoelekea intaneti. Mlango wa namna hiyo haumwoni mhadhiri wa Rongai peke yake. Huonekana na dunia nzima, na zipo programu ambazo kazi yao ni kuzunguka mchana na usiku zikijaribu kila mlango. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa kupitia udhaifu wa huduma ya kushirikiana mafaili katika Windows, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kompyuta ambayo huduma hiyo ilielekea intaneti bila kizuizi, na ambayo haikuwa imetiwa marekebisho, haikuhitaji kosa lolote la mtumiaji ili ishambuliwe.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mlango usifunguliwe kwa anwani ya mhadhiri huyo tu? Jibu ni kwamba aghalabu hana anwani yake mwenyewe. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni chache, na mara nyingi kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 fungu la anwani linaloanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 lilitengwa mahususi kwa ajili ya mpango huo. Anayemtambua mhadhiri kwa anwani ya nje, basi, huwatambua pamoja naye wageni asiowajua, na kesho anwani yenyewe itabadilika. Lazima patafutwe njia nyingine ya kumjua mtu.

3. Ukuta wa moto au bawabu?

Chombo kinachosimama mpakani mwa mtandao huitwa kwa Kiingereza firewall. Katika ujenzi, neno hilo lilitaja ukuta mnene unaojengwa baina ya vyumba au nyumba ili moto usivuke. Lilipohamishiwa kwenye kompyuta lilichukua maana ya chombo kinachozuia madhara yasipenye. Kwa Kiswahili limetafsiriwa mara nyingi kuwa ukuta wa moto. Wengine husema ngome, na wengine kinga ya mtandao.

Tafsiri ya kwanza yafaa ichunguzwe kisarufi. Kihusishi -a cha Kiswahili kina maana nyingi. Katika dawa ya mbu na chandarua cha mbu, kinaonyesha kile kinachopigwa vita. Hakuna anayedhani kwamba dawa hiyo imetengenezwa kwa mbu. Kwa kanuni hiyo ukuta wa moto ungeweza kueleweka kuwa ukuta wa kuzuia moto. Lakini nomino ukuta ina mazoea yake: ukuta wa mawe, ukuta wa matope, ukuta wa mabati. Baada ya ukuta wa, msikilizaji hutarajia kitu kilichotumika kujengea. Matokeo yake ni kwamba ukuta wa moto huleta picha ya ukuta unaowaka, wenye kumuunguza yeyote ausogeleaye. Picha hiyo ni kali lakini si ya kweli. Kinyume cha picha hiyo, kila siku maelfu ya ujumbe hupita katika chombo hicho wakiingia na kutoka bila kudhurika.

Ngome nalo lina upungufu wake. Ngome husimama, haichagui. Kazi hasa ya chombo hiki ni kuchagua. Kila kipande cha ujumbe kifikapo mpakani, ambacho mafundi hukiita pakiti, chombo husoma kimetoka anwani gani, kinakwenda anwani gani, kinafuata itifaki gani na kinaelekea mlango wenye namba gani. Kisha huyalinganisha hayo na orodha ya kanuni. Vyombo vingi huisoma orodha hiyo kuanzia juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inayofuatwa. Kanuni ya mwisho yapasa iwe ya kukataa: asiyetajwa asiingie. Zaidi ya hayo, vyombo vya siku hizi vina kumbukumbu: pakiti ikitoka ndani kwenda nje huandikwa, ili jibu lake lirudipo liruhusiwe bila kanuni nyingine.

Mwenye kufanya kazi hiyo katika maisha ya Waswahili anajulikana. Ni bawabu, neno lenye asili ya Kiarabu kutokana na neno la mlango. Bawabu hukaa langoni, huuliza, hulinganisha, huruhusu, hukataa, na hukumbuka nani alitoka. Katika Nakuru ya leo watu humwita mlinzi, askari wa geti, au soja, na kila mtu ameona daftari lake la wageni, ambamo huandikwa jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Daftari hilo nalo lina mwenzake katika mtandao: kila chombo cha ulinzi huweka kumbukumbu za waliopita na waliozuiwa.

Ubora wa neno bawabu hauko katika uzuri wake bali katika maswali linayoyazaa. Aambiwaye kwamba ofisi yake ina ukuta huuliza: "Je, ni imara?" Aambiwaye kwamba ina bawabu huuliza: "Ameagizwa nini?" Swali la pili ndilo la maana. Bawabu asiye na maagizo, au mwenye agizo la kumruhusu kila mtu, ni mtu aliyekaa kwenye kiti tu.

4. Bandari au mlango?

Kosa la pili la tafsiri lina historia ndefu zaidi. Kila huduma ya kompyuta hupokea wageni kwenye namba maalumu, kuanzia 0 hadi 65,535. Kurasa salama za wavuti, kwa mfano, hupokelewa kwenye namba 443. Kiingereza huiita namba hiyo port, na mara nyingine mtu husoma katika maelezo ya Kiswahili kwamba "bandari 443 imefungwa". Sababu ni kwamba Kiingereza kimeunganisha katika umbo moja yale ambayo Kilatini kiliyatenga: portus ni bandari, na porta ni lango. Mfasiri aliyefungua kamusi akachukua maana ya kwanza aliyoikuta.

Kwa msomaji wa pwani bandari ni mahali pa mizigo, pa vyombo vingi na watu wengi. Haifungwi na kufunguliwa kwa ufunguo, wala nyumba moja haina bandari elfu sitini. Mlango ndio unaofaa. Seva ni nyumba yenye milango mingi yenye namba, na nyuma ya kila mlango uliofunguliwa yupo mtu wa huduma. Neno lango laweza kubakishwa kwa mahali pakubwa pa kuingilia mtandao mzima, pale akaapo bawabu. Kwa namna hiyo tofauti ambayo Kiingereza huieleza kwa maneno yasiyohusiana, Kiswahili huieleza kwa jozi moja, mlango na lango, ambayo kila mtoto anaijua.

5. Mtandao pepe au njia ya faragha?

Suluhisho linalotumika kumpokea mtumiaji wa mbali hujulikana kwa herufi tatu, VPN. Tafsiri inayosikika mara nyingi ni mtandao pepe binafsi. Maneno mawili ya mwisho yanahitaji kupimwa.

Neno pepe limepata nguvu kutokana na baruapepe, ambamo lilidokeza mwendo wa upepo na limekubalika. Lakini pepe lina maana ya zamani zaidi: punje isiyo na kiini, ambayo mwenye kupepeta huitoa na kuitupa. Katika wilaya ya wakulima kama Rongai, mtandao pepe waweza kueleweka kuwa mtandao mtupu. Neno binafsi nalo huelekea kwenye mali ya mtu mmoja, ilhali jambo linalozungumzwa ni la idara au chuo kizima. Kinachokusudiwa si umiliki bali hali ya kuongea bila kusikilizwa na wapitao, na hali hiyo Kiswahili huiita faragha.

Je, isemwe njia ya siri? Hapana, na tofauti hii si ndogo. Siri ni jambo ambalo kuwako kwake hakujulikani. Faragha ni mazungumzo ambayo watu wanaona yanafanyika, lakini hawayasikii. Mfano wa posta hueleza vizuri. Mhadhiri huandika barua kwa seva ya idara, akaitia katika bahasha yenye anwani ya ndani ya chuo. Bahasha hiyo haiwezi kusafiri katika barabara za nje, kwa maana anwani yake haijulikani huko. Basi huifunga kwa namna isiyosomeka, akaitia katika bahasha ya pili yenye anwani ya bawabu. Wapitao wote huiona bahasha ya nje: wanajua nani ameandika, wanajua imeelekezwa kwa bawabu, na wanaweza kukisia ukubwa wake. Kilichomo hawakijui. Ifikapo langoni, bawabu hufungua bahasha ya nje na kuipeleka ya ndani kwa mwenyewe. Anayeambiwa kwamba njia hii ni ya siri atadhani kwamba haonekani, na atafanya mambo ambayo asingeyafanya kama angejua kwamba anaonekana.

Mafundi huiita pia handaki. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili ni shimo refu lililochimbwa, hasa wakati wa vita, mtu apate kujificha. Hapa tena picha ya kujificha huingia bila kualikwa. Yafaa basi kusema njia ya faragha, na kuiacha handaki kwa wanajeshi.

Kitendo cha kuifanya barua isisomeke kina istilahi mbili: kusimba na kufumba. Jambo la kuvutia ni kwamba Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendua ulio tayari kwa kazi hii. Funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, na fumba huzaa fumbua; vivyo hivyo simba huzaa simbua. Mwanafunzi akijifunza kitendo kimoja amekwisha kujua kinyume chake, bila kukariri neno jipya. Hii ni hazina ambayo orodha nyingi za istilahi hazijaitumia ipasavyo.

6. Taratibu za kumfungulia mtumiaji wa mbali

Kwa kutumia istilahi zilizokwisha kuelezwa, kazi yenyewe yaweza kupangwa katika hatua saba. Majina ya vifungo hutofautiana baina ya chombo na chombo, lakini mpango ni mmoja.

(i) Kuorodhesha watu na mahali. Kabla ya kugusa chombo, iandikwe nani ataingia na atahitaji kufika wapi. Mhadhiri wa mfano anahitaji seva ya sauti na mswada. Hahitaji kompyuta za ofisi ya fedha. Hatua hii haihitaji fundi, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi.

(ii) Kuchagua itifaki. Zipo tatu zinazotumika sana. IPsec hupokelewa kwenye mlango wa 500 na wa 4500. OpenVPN, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, hutumia kwa kawaida mlango wa 1194. WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, huachiwa mwenyeji achague namba, na wengi huchagua 51820. Zote hutumia namna ya usafirishaji iitwayo UDP, ingawa OpenVPN yaweza kupita kwa TCP pia. Itifaki ya zamani ya PPTP isitumike. Udhaifu wake ulionyeshwa hadharani tangu mwaka 1998, na bado hukutwa katika vyombo vya zamani.

(iii) Kutenga anwani za wageni. Kila aingiaye kwa njia ya faragha hupewa anwani ya ndani. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 1996, mafungu matatu yametengwa kwa mitandao ya ndani: yaanziayo na 10, yale ya 172.16 hadi 172.31, na yaanziayo na 192.168. Hapa pana mtego. Vyombo vingi vya nyumbani hugawa anwani za 192.168.0 au 192.168.1. Chuo kikitumia fungu hilohilo, kompyuta ya mhadhiri haitajua kama anwani anayoitafuta iko chumbani mwake au iko chuoni. Ni mithili ya barua iliyoandikiwa "Mwalimu Kamau, Rongai" ilhali walimu Kamau ni wawili: itafikishwa kwa aliye karibu. Yafaa kuchagua sehemu isiyo ya kawaida ndani ya fungu la 10.

(iv) Kumwagiza bawabu mara mbili. Agizo la kwanza humruhusu mtu yeyote wa nje kubisha kwenye mlango mmoja tu, ule wa njia ya faragha. Agizo la pili hueleza kwamba aliyekwisha kutambuliwa anaweza kufika wapi ndani. Wengi huandika la kwanza, kisha kwa la pili huandika "popote". Huko ni kumpitisha mgeni langoni na kumkabidhi funguo za vyumba vyote. Orodha ya hatua ya kwanza ndiyo iwe agizo la pili, neno kwa neno.

(v) Kuamua kipitacho. Mtumiaji aweza kuelekeza kila kitu kupitia chuoni, au yale tu yahusuyo chuo. Mpango wa kwanza humlinda anapokuwa kwenye mtandao wa hoteli au mkahawa, lakini huilemea njia ya chuo, kwa kuwa hata video zake zitapita huko. Mpango wa pili ni mwepesi, lakini humwacha mtumiaji ajilinde mwenyewe kwingineko. Uamuzi huu ni wa idara na hauwezi kuachiwa mazoea ya kiwandani.

(vi) Kujaribu kutoka nje. Njia ya faragha isijaribiwe kutoka ndani ya chuo. Ijaribiwe kwa simu yenye data ya kawaida, kutoka mahali kama Rongai. Wakati mwingine muungano hukubali, ujumbe mfupi hupita, lakini kurasa kubwa hukwama. Sababu aghalabu ni bahasha ya nje: imeongeza uzito, na pakiti imezidi kipimo cha njia, ambacho katika mitandao mingi ni baiti 1,500. Ndiyo maana WireGuard kwa kawaida huanza na kipimo cha 1,420. Kipimo kikipunguzwa, tatizo huondoka.

(vii) Kusoma daftari. Kumbukumbu za bawabu zisomwe kwa zamu. Aliyeingia saa nane za usiku kutoka nchi ambayo hakuna mhadhiri aliyesafiri kwenda huko ni jambo la kuulizwa asubuhi yake.

7. Kumjua mgeni: ufunguo, cheti na neno la siri

Imekwisha kuonyeshwa kwamba anwani haitoshi kumtambulisha mtu. Kinachobaki ni ushahidi wa namna tatu, na Kiswahili huutaja wazi: anachokijua, alicho nacho, na alivyo. Neno la siri ni kitu anachokijua. Ufunguo uliohifadhiwa katika kompyuta yake, au cheti kilichotolewa na idara, ni kitu alicho nacho. Alama za vidole ni vile alivyo.

Yapasa ieleweke kwamba ufunguo wa kompyuta si kama ufunguo wa kufuli. Huundwa kwa jozi: mmoja hutolewa kwa wote, na wa pili haumtoki mwenyewe. Bawabu huwekewa ule wa wazi, na kwa huo humtambua mwenye ule wa faragha bila kuuona kamwe. Kwa hiyo kila mtu apewe jozi yake. Ofisi inayotengeneza ufunguo mmoja na kuugawa kwa wahadhiri kumi imejinyima uwezo wa kujua nani aliingia, na siku mmoja anapohama haiwezi kumfungia yeye peke yake.

Neno la siri peke yake halitoshi. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayosafirisha mafuta kwa mabomba, ilisimamisha kazi kwa siku kadhaa baada ya wahalifu kuingia katika mtandao wake. Walipitia kwenye akaunti ya zamani ya VPN iliyokuwa haitumiki tena lakini haijafungwa, na iliyolindwa kwa neno la siri tu. Kampuni ililipa fidia ya takriban dola milioni 4.4. Katika tukio hilo hakuna ukuta uliobomolewa: mgeni alibisha kwenye mlango halali, akataja neno lililo sahihi, na bawabu akafuata maagizo aliyopewa. Hatua ya pili ya utambuzi, kama vile tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 kwenye simu ya mwenyewe, ingemzuia.

Tukio hilo lina funzo la pili. Vyuo vina wahadhiri wa muda, watafiti wageni na wanafunzi wa uzamili, ambao huja na kuondoka. Kila aondokaye apaswa kufungiwa siku hiyohiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mtandao ufa wenyewe mara nyingi ni jina la mtu aliyekwisha kuondoka.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba istilahi za ulinzi wa mtandao zinaweza kupatikana katika uwanja mmoja wa maana ambao Kiswahili kinao tangu zamani, uwanja wa lango. Humo mna lango, mlango, bawabu, mgeni, agizo, ufunguo, daftari na faragha. Maneno haya yanategemeana. Mtu akielewa moja anaweza kukisia mengine, na makisio yake yanaelekea kuwa sahihi. Ukuta wa moto, bandari na mtandao pepe, kwa upande mwingine, yametoka katika nyanja tatu zisizohusiana, na kila moja hupeleka fikira za msikilizaji upande wake.

Haimaanishi kwamba watu waamrishwe waache maneno waliyokwisha kuyazoea. Ukuta wa moto huenda ukabaki katika vinywa vya mafundi, kama yalivyobaki maneno mengine yaliyotafsiriwa kwa haraka, na VPN itaendelea kuitwa VPN. Linalotakiwa ni kwamba idara za lugha zisingoje orodha itoke kwingine ndipo zianze kuisahihisha. Mwalimu wa lugha anapoletewa fomu ya kutia sahihi ili mtandao wa idara ufunguliwe kwa watu wa mbali, ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kinachosema kweli: bawabu ameagizwa nini, milango mingapi imefunguliwa, nani wana funguo, na walioondoka wamefungiwa lini. Akipata majibu ya maswali hayo manne, ameielewa kazi yenyewe. Asipoyapata, asitie sahihi, kwa sababu sauti zilizomo ndani si zake. Ni za wazee waliomwamini.